Ushuru wa Pombe Wapanda Hazina, Tiba ya Ulevi Haijashuka Sanya Juu

Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka kumi au ishirini, kisha akaazimia siku ya Ijumaa kuacha mara moja, ama kwa kuwa mke wake ametishia kurudi kwao, ama kwa kuwa mchungaji amemwonya mbele ya wazee wa usharika, huanza kutetemeka mikono kabla jua la Jumamosi halijachwa. Na Jumapili, wakati kengele za ibada zinapolia Sanya Juu, huenda akawa anafukuza ukutani wadudu wasioonwa na mtu mwingine, au akaanguka kifafa mbele ya wanawe.

Hapo ndugu hukusanyika uani kushauriana. Wa kwanza husema apewe kata moja ya mbege azimue, na kwa hakika akipewa atatulia. Wa pili husema apelekwe zahanati. Wa tatu, hospitali ya wilaya. Wa nne, mwenye jamaa mjini, huitaja hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, ambako ni kushuka mpaka Bomang'ombe na kuishika barabara kuu ya Moshi. Wa tano amepata kusikia habari za nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana huziita soba hausi, ambako aila hutoa fedha yake kila mwezi ili mtu wao alazwe, alishwe na kufundishwa kuishi bila kileo.

Aghalabu shauri la wa kwanza ndilo hushinda, maana kata iko karibu na haina nauli.

Msiba wa jambo hili ni kwamba tiba ya siku zile za mwanzo si ghali wala si ngeni. Mwili uliokaa miaka katika pombe umekwisha kujizoesha nayo, na ikiondolewa ghafula mishipa ya fahamu huvurugika hata wengine hufa. Lakini mgonjwa huvushwa kwa vidonge vya daiazepamu vinavyopunguzwa siku baada ya siku, kwa vitamini B1 ya kuuhifadhi ubongo, kwa maji, chakula, na jicho la muuguzi aliyefunzwa kutambua hatari kabla haijafika. Dawa hizi mbili ni za zamani, nazo hugharimu kidogo kuliko kreti moja ya bia.

Dawa ni rahisi; kinachokosekana ni muuguzi aliyefunzwa, na fungu la fedha lenye jina lake.

Shayiri yashuka, kodi yapanda

Atokaye Sanya Juu kuelekea Ngarenairobi, akaingia katika mashamba ya Kilimanjaro Magharibi, hupita katika nchi ya ngano na shayiri, na shayiri ile haikulimwa iwe uji. Hununuliwa kwa ajili ya viwanda vya bia; Moshi kuna kiwanda cha kuiotesha iwe kimea, na katika mji huohuo kampuni ya Serengeti ina kiwanda cha kupika bia yenyewe. Mkulima hupata fedha yake, mchukuzi hupata yake, mwenye baa hupata yake, na Serikali, pasipo kulima wala kupika, hupata yake zaidi ya mara moja: ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya mapato ya kampuni, na mwisho kabisa ada ya leseni ya vileo, ambayo hukusanywa na halmashauri.

Silaumu mapato hayo. Dola isiyotoza pombe itatoza chumvi na mafuta ya taa, na ni heri itoze pombe. Ninachouliza ni njia ya marejeo: shilingi iliyotoka mfukoni mwa mnywaji wa Sanya Juu ikapanda mpaka hazina kuu, hurudi kwa sura gani kwake aliyeitoa, siku anapotetemeka?

Kando ya bia yenye lakiri ya kodi iko mbege, ipikwayo uani, isiyopita katika daftari lolote la ushuru wa bidhaa. Mpishi huchemsha ndizi mbivu mpaka zikageuka rangi, akaziacha siku kadhaa zichachuke ziwe nyangi, akatia ukali wa gome la msesewe. Kisha husaga ulezi uliooteshwa, akaupika uji uitwao mso, akavichanganya viwili hivyo, na kesho yake pombe iko tayari. Kinywaji hiki kimepatanisha koo zilizohasimiana, kimesindikiza mahari, kimefungua vikao vya mirathi; na mama aliyekipika amesomesha watoto kwa faida yake, baadhi yao wakawa waganga na mahakimu ambao leo huandika ripoti za kukilaani.

Kwa hiyo ni dhuluma kuisema mbege kana kwamba ndiyo chimbuko la kila balaa la mteremko huu wa Kilimanjaro. Wazee waliinywa kwa zamu, kwa heshima ya umri, na kwa siku maalumu. Kilichokuja kuvunja utaratibu ule ni kilabu kinachofunguliwa asubuhi, ni gongo inayokenekwa mafichoni licha ya kupigwa marufuku tangu sheria ya mwaka 1966, na ni pombe kali ya kiwandani iliyofungwa katika viroba vya bei ndogo hata mwanafunzi akamudu kuitia mfuko wa sare.

Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 kwa amri iliyotangazwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, na katika mambo yote ambayo Serikali imepata kuyafanya juu ya kileo katika miaka hii, sijaona lililo kubwa kuliko hilo, kwa kuwa Serikali iliacha kwa hiari yake mapato iliyokuwa ikiyapokea. Walakini hakuna aliyeuliza wale waliokwisha kuzoea viroba watatibiwa wapi. Chupa ndogo za plastiki zikashika nafasi iliyoachwa, na mambo yakaendelea.

Fedha iliyofuata sindano

Yeyote atakayesema kwamba Tanzania haijatoa tiba ya uraibu atakuwa amesema uongo. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, ya kwanza ya umma katika bara hili kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Ikafuata Mwananyamala, ikafuata Temeke, kisha Zanzibar, Dodoma, Mwanza, Mbeya na Tanga. Mraibu hufika kila siku, hunywa dawa yake mbele ya mhudumu, hurudi kwake. Na wengi walioonekana kuwa mateja wasiofaa kitu wamerudi kuwa mafundi, wachuuzi na baba za watu.

Sheria nayo ikaimarishwa. Ile ya mwaka 1995 ilifutwa na ile ya mwaka 2015, nayo ikazaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, yenye makamishna, maabara, na askari wanaopanda milima ya Same kung'oa mirungi. Kila tarehe 26 Juni huwa na maadhimisho, hotuba na fulana, na fulana hudumu kuliko hotuba.

Lakini Mamlaka hiyo jina lake ni la dawa za kulevya, na bia, konyagi na mbege si dawa za kulevya kwa mujibu wa sheria. Pombe imegawanywa vipandevipande: ubora wake kwa Shirika la Viwango, kodi yake kwa Mamlaka ya Mapato, leseni yake kwa halmashauri, madhara yake kwa Wizara ya Afya, na ugomvi wake kwa polisi. Kila mmoja ana kipande chake, na mlevi mzima hana mwenyewe.

Tena kliniki za methadoni hazikuanzishwa kwa fedha ya ndani. Zilizaliwa na hofu ya UKIMWI, kwa kuwa sindano inayochangiwa hueneza virusi upesi, na kwa sababu hiyo Mfuko wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI pamoja na Mfuko wa Dunia ilitoa fedha. Chupa haichomi mshipa; kwa hiyo haikupata mfadhili.

Heroini ilipata mfadhili kwa sababu ya sindano. Pombe, iliyoenea zaidi vijijini, haikupata mtu.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana Januari 2025, pale Rais mpya wa Marekani alipotia sahihi, siku ileile ya kuapishwa kwake, amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na nchi nyingi za Afrika zikajikuta zinahesabu chupa za dawa ghalani. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2025/26 ikaja na tozo mpya, zikiwamo za bia, mvinyo na pombe kali, kwa ajili ya mapambano ya UKIMWI na bima ya afya. Kabla ya hapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilikwisha kuutaja ushuru wa pombe miongoni mwa vyanzo vya kuwagharimia wasio na uwezo.

Yaani jambo ambalo kwa miaka mingi liliambiwa haliwezekani, la kuikata shilingi ya kileo na kuipeleka katika afya, limekwisha kufanywa. Limefanywa kwa ajili ya maradhi mengine, wala si kwa ajili ya maradhi ambayo kileo chenyewe huyaleta.

Majirani wa Kibong'oto

Wilaya ya Siha, ambayo Sanya Juu ni mji wake, ina hospitali ambayo nchi nzima huijua. Kibong'oto ilianza mwaka 1926 kuwa makao ya wagonjwa wa kifua kikuu, kwa imani ya waganga wa zama zile kwamba hewa baridi ya mlima ni nusu ya dawa. Leo ni hospitali maalumu ya maradhi ya kuambukiza, na ndiko ilikoanzia nchini, mwaka 2009, tiba ya kifua kikuu sugu. Wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani, wenye mapafu yaliyojaa vumbi la mawe, huletwa huko.

Kifua kikuu na ulevi ni kama chanda na pete. Mtu anywaye sana huwa katika hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara tatu ya asiyekunywa, kwa kuwa pombe hudhoofisha kinga ya mwili, na kwa kuwa kilabu chenyewe, kilichojaa watu, chenye dirisha moja dogo, ni mahali pazuri pa kugawana kikohozi. Akiisha kuugua, dawa atakazomeza kwa miezi sita huelemea ini ambalo pombe imekwisha kulielemea. Na akilewa husahau dawa, na akisahau dawa vijidudu hujifunza ukaidi, na ukaidi huo humrudisha hospitali kwa gharama kubwa maradufu.

Kifua kikuu kina mpango wake wa taifa tangu mwaka 1977, na dawa zake hutolewa bila malipo. Ulevi, unaokisaidia kuingia na kukizuia kutoka, hauna mpango wa namna hiyo. Hazina imekubali kulipa gharama ya mwisho wa njia, wakati mwanzo wake umeachiwa ndugu uani.

Maswali kumi na nesi mmoja

Hata hivyo, huko chini mjini Moshi kumefanywa jambo la kuangaliwa. Katika chumba cha dharura cha KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, huletwa usiku na mchana waliovunjika kwa bodaboda, waliochomana visu na walioanguka. Na miongoni mwao wako wengi walioingia na harufu ya kileo mdomoni. Watafiti wa hapo, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walitafsiri na kupima kwa Kiswahili orodha ya maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani ya kumtambua mnywaji aliye hatarini, kisha wakatunga huduma waliyoiita Punguza Pombe kwa Afya Yako.

Huduma yenyewe ni nyepesi. Nesi huketi na majeruhi aliyekwisha kupata nafuu, humuuliza bila kumhukumu, humwacha aseme mwenyewe pombe imempa nini na imemnyang'anya nini, huafikiana naye shabaha ndogo, na baadaye ujumbe mfupi wa simu humfuata nyumbani kumkumbusha. Haidai jengo. Haidai mashine. Hudai nesi mwenye mafunzo, na muda ambao bosi wake hataukatiza.

Nami naiona busara yake hasa katika wakati uliochaguliwa. Mtu aliyefungwa plasta mguuni, anayejua jinsi alivyoanguka, husikia maneno ambayo juma lililopita angeyacheka.

Lakini fedha ya uchunguzi ule ilitoka Marekani, na uchunguzi una mwisho. Kitakachofuata ni kuitia huduma hiyo katika kazi ya kila siku ya hospitali ya umma, kwa fungu litakalokatwa katika ushuru wa pombe, na huko hukutana na watu wenye hoja zao.

Wanaokataa, na haki yao

Wa kwanza ni mwenye hazina. Husema kwamba kila mtu akifungiwa fungu lake, wa barabara lake, wa maji lake, wa walevi lake, waziri atabaki na mikono iliyofungwa, asiweze kuhamisha shilingi siku ya njaa. Ni neno la maana. Walakini Mfuko wa Barabara hulishwa na tozo ya mafuta, umeme wa vijijini vilevile una tozo zake, na kila halmashauri imeamriwa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikono ilikwisha kufungwa, na nchi haikuanguka.

Wa pili ni mwenye kiwanda. Naye husema: ongezeni ushuru mkitaka, na mnywaji wa bia atahamia gongo, isiyolipa kodi na isiyopimwa na mtu, na mkulima wa shayiri wa Kilimanjaro Magharibi atakosa mnunuzi. Hofu hii si ya kubezwa katika mkoa ambao pombe ya kienyeji iko kila kitongoji. Mwezi wa Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zipandishe bei ya tumbaku, pombe na vinywaji vitamu kwa asilimia 50 kufikia mwaka 2035. Nadhani shauri hilo litafaa mijini upesi kuliko hapa. Lakini kuugawa ushuru uliopo hakupandishi bei ya chupa hata senti moja.

Wa tatu ndiye mwenye sauti kubwa zaidi: mzee wa kanisa, mwalimu, mama aliyejinyima. Huyu huuliza kwa nini kodi yake itumike kumtibu mtu aliyekunywa shamba la kahawa la babake kwa hiari yake, ilhali shule ya kata haina madawati. Sina jibu la kumridhisha, ila namkumbusha kwamba tayari analipa: analipa kwa kitanda cha majeruhi, kwa askari wa kilabuni, kwa miezi ya dawa za kifua kikuu zilizokatizwa, na kwa mtoto aliyeacha shule akachunge ng'ombe wa watu.

Wa nne hakualikwa katika mikutano, naye ni mpishi wa mbege. Kinga ya kweli dhidi ya ulevi itapunguza wateja wake, na hakuna mpango wa afya niliousoma unaosema atapika nini badala yake. Ile asilimia 10 ya mikopo ingeweza kumfaa, kama afisa maendeleo angeifikisha kwake kabla ya mgambo kufika.

Walioitangulia njia

Kufungamanisha pombe na ustawi si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijipa peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe huko Pumwani, na faida ikatiwa katika mfuko wa kugharimia mahitaji ya Waafrika haohao. Mkoloni alijisifu kwa hilo. Kwa kweli alikuwa amepata njia ya kumfanya maskini ajilipie zahanati kwa kulewa, na mji ambao huduma zake hutegemea kilabu haupendi kilabu kifungwe. Hatari hiyo ingaliko, na kila anayetetea fungu la pombe, nami nikiwamo, sharti aikabili.

Kenya huru, kwa sheria yake ya vileo ya mwaka 2010, iliunda mfuko unaolishwa na ada za leseni ili pamoja na mengine ugharimie utafiti na urekebishaji wa waraibu. Ni mfano mwema katika karatasi. Lakini mwaka 2018 kaunti ya Kiambu ilizindua mpango wa Kaa Sober, ambao uliwakusanya walevi kufagia na kuzibua mitaro kwa ujira wa shilingi 400 za Kenya kwa siku. Mamilioni yakatoka, lawama zikafuata, na mpango ukafifia. Ujira bila tabibu ni posho tu, na posho humalizikia dukani.

Mbali zaidi, Thailand tangu mwaka 2001 hutoza nyongeza ya asilimia 2 juu ya ushuru wa pombe na tumbaku, ikaipeleka moja kwa moja katika taasisi ya kukuza afya yenye bodi yake. Marekani huyaamuru majimbo kutumia angalau asilimia 20 ya ruzuku ya shirikisho ya uraibu katika kinga, kwa kuwa yasipoamriwa, wagonjwa waliopo mlangoni hula fedha yote na watoto wasioanza kunywa hawapati mtetezi.

Kasma

Siha haihitaji kungoja Thailand. Mbunge aliyechaguliwa na wilaya hii mwaka 2015, Dkt. Godwin Mollel, alifika kuwa Naibu Waziri wa Afya mwaka 2020, hospitali ya wilaya ipo, Kibong'oto ipo, mishahara ya wauguzi hulipwa na Serikali Kuu. Kinachohitajika ni mafunzo ya wauguzi wachache, vidonge, mafuta ya pikipiki ya kumfuata mgonjwa kijijini, na gharama ya ujumbe wa simu. Sehemu ya ada ya leseni za vileo, inayokusanywa na halmashauri hiyohiyo kutoka kwa baa hizohizo, ndiyo fedha iliyo karibu kuliko zote, na kwa kuwa ni ndogo haimshawishi mtu kuongeza baa ili aipate.

Swali la bima ni kubwa zaidi, na litaamuliwa Dodoma: kama kumvusha mlevi katika zile siku za kutetemeka kutahesabiwa kuwa matibabu ndani ya kitita cha bima, au kutaachwa nje pamoja na mambo ya anasa. Lakini halmashauri haina sababu ya kulisubiri. Makadirio ya wilaya hutayarishwa kabla ya Bunge la bajeti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Diwani atakayeiomba kasma ya tiba ya ulevi sharti aiombe mapema, maana makadirio yakiisha kupita, hata fedha ikipatikana, haitakuwa na mstari wa kuandikwa.